Shangazi, mamangu hataki hata kusikia neno kwadi

BARUA

Assalam aleikum Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 15, natimiza 16 mwezi wa kumi inshallah, tunakaa Kisauni. Nakuandikia kwa simu ya kaka yangu, saa hii ni usiku kila mtu amelala kwa hivo nikikosea maneno nisamehe.

Babangu ana mdogo wake yuko Ukunda, ami yetu, yeye ana zile kwadi, pikipiki za magurudumu manne zile, anazo sita anawakodishia wageni na watu wa Nairobi wakishuka likizo. Wanapelekwa huko nyuma ya Diani kwenye njia za mashamba, wanapita kwenye minazi na mibuyu, watoto wanawapungia mikono, wakirudi wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kaka yangu ana miaka 19, kashamaliza shule, kila wikendi yuko kwa ami anaosha kwadi, anatia mafuta, siku hizi mpaka anatangulia mbele kuongoza wageni. Yeye hakuna mtu aliyemwambia ndio wala la, alianza tu kwenda na hakuna aliyesema kitu.

Mimi nazipenda hizi kwadi tangu niko darasa la sita Shangazi. Si mambo ya kujirekodi nipate laiki. Nikienda kwa ami najua kila moja kwa sauti yake, ile nyekundu ukiiwasha inakohoa mara mbili ndo inashika, ile ya kijani breki yake ya kushoto lazima uibane sana. Ami mwenyewe anasema nina sikio la fundi. Na kuna kitu alisema sijakisahau, alisema kuna wanawake wanakuja, wengine wa hapa hapa Mombasa na buibui zao, wanataka kujifunza lakini wanaona haya kufundishwa na vijana wa kiume wakishikwashikwa mikono, na yeye hana mwanamke hata mmoja wa kuwafundisha. Akaniambia ukimaliza shule na uwe unajua vizuri, kazi iko. Tangu siku hiyo silali.

Sasa mamangu. Mwaka juzi mjomba, kaka yake mama, alikuwa amebebwa na bodaboda barabara ya Malindi, lori likawagonga. Alilala hospitali miezi, akatiwa chuma mguuni, na tangu atoke anakaa kwetu chumba cha mbele, anatembea na gongo. Mama ndo aliyekuwa akimuosha na kumgeuza. Siku niliyomwambia mama kwamba ami anataka kunifundisha kwadi alikuwa anakuna nazi, akaacha, akaniangalia, akasema "Mguu mmoja wa chuma unatosha nyumba hii." Basi. Akarudi kwa nazi yake. Nikamwambia mama, kwadi ina magurudumu manne si mawili, haianguki. Akasema hata lori lina mengi.

Baba yuko bandarini, shifti za usiku, nikimuuliza ananiambia muulize mamako. Mara moja tu alisema "na mtoto wa kike atakaaje juu ya kile kitu", nyanya akacheka. Kwa hivo mimi naona shida yote ni kwamba mimi ni msichana, manake kaka anaenda na hakuna anayemtajia mguu wa mjomba.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Idi iliyopita, wiki tatu sasa, tulivuka feri sote kwenda kwa ami. Wakubwa wako ndani wanakula, binamu yangu, mtoto wa ami, ana 17, akaniambia panda nyuma twende mpaka kisimani turudi, dakika tano tu. Nikapanda. Buibui nikaikunja, mtandio nikauzungusha shingoni. Shangazi ilikuwa raha, lakini kwenye kona ya mkorosho alikata haraka, nikaona upande mmoja umeinuka juu, gurudumu linazunguka hewani, nikapiga kelele, ikarudi chini pap, yeye anacheka. Wakati wa kushuka nikagusa ekzosi nikaungua hapa nyuma ya mguu, pakubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Nikapaka dawa ya meno. Halafu mtandio nikaona ncha yake imechanika na ina grisi nyeusi, sijui ilishika wapi, nimeufua haitoki, nimeuficha chini ya godoro. Tangu siku hiyo nikiwa nyumbani navaa soksi ndefu, nimemwambia mama nasikia baridi.

Nimemwonesha mama video za watu wamevaa helmeti na kila kitu, hata haangalii. Binamu anasema likizo ya Agosti nimwambie mama naenda Mtwapa kwa khalati, kisha niende Ukunda nijifunze kabisa, mama akija kujua niko fundi tayari. Mwingine ananiambia nimwachie ami aongee na baba. Nataka kwenda kwa haki Shangazi, na nataka kwenda salama. Nimwambie mama maneno gani akubali?

Binti wa Kisauni

SHANGAZI ANAJIBU

Aleikum salaam mwanangu, marahaba.

Tuanze na soksi. Joto hili, watu wanatandika mkeka nje, feni inazungusha hewa ya moto, na wewe unamwambia mamako unasikia baridi? Nimecheka mpaka chai ikamwagika. Halafu nikajiuliza, mwanamke aliyemuuguza mtu mzima miezi kwa miezi, aliyezoea kuangalia kidonda, kweli hajaona mtoto wake anatembea na soksi wiki tatu? Pengine hajaona. Pengine ameona na anangoja umwambie mwenyewe. Mimi sijui, wewe ndo unakaa naye, lakini sitaki tuongee kama vile siri hii iko salama kwa sababu tu haijaulizwa.

Kwa nilivyokuelewa, una kitu unakipenda, tena unakipenda kwa masikio, injini inakohoa mara mbili ndo inashika, maneno hayo hayaandikwi na mtoto anayetafuta laiki. Una ami anayekuona una kipaji, una mama aliyefunga mlango kwa sentensi moja, baba anayekurudisha kwa mama, kaka anayepita mlango huo huo bila kubisha. Na katikati ya yote uko na alama mguuni na mtandio chini ya godoro. Unaniuliza maneno ya kumwambia mama. Ntakuja kwa maneno, ila kwanza kuna mambo matatu umeyaweka kwenye barua kama vile yashathibitika, na mimi nayaona bado yana maswali.

La kwanza ni la usichana. Isome tena barua yako. Maneno ya mtoto wa kike yalitoka kwa baba, tena mara moja, nyanya akacheka yakaisha. Mama hakusema hivo. Mama alisema mguu. Inawezekana kabisa kwamba ndani ya nyumba yenu mtoto wa kiume anaachiwa na wa kike anachungwa, hilo liko nyumba nyingi pwani hii na sitakudanganya halipo, na lina uchungu wake. Lakini kaka yako umesema mwenyewe hakuna aliyemwambia ndio. Hakuomba. Watu walinyamaza. Sasa je, umewahi kumwangalia mama Jumapili jioni kaka akichelewa kurudi? Analala kabla mlango haujalia? Manake inaweza kuwa hofu ni ile ile kwa nyote wawili, ila kwa kaka alichelewa kuisema na kwako ameiwahi. Au inaweza kuwa wewe ndo uko sawa. Ukienda kwake na hoja ya "kaka mbona mnamwacha" jua tu kwamba jibu linaweza kuwa kumkataza na yeye pia, ukawa hujapata chako na umemharibia ndugu yako chake.

La pili, haianguki kwa sababu ina magurudumu manne. Hapa mamako amekushinda na lori lake, samahani. Kwadi inabinuka, na wewe mwenyewe uliona gurudumu likizunguka hewani, huhitaji mimi nikwambie. Ni fupi, injini na wewe mwenyewe mmekaa juu, na nyingi zile za kukodisha ekseli ya nyuma ni moja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa sawa hata kwenye kona, kwa hivo haipindi kama gari, lazima aliyepanda aegemeze mwili ndani ya kona ndo isaidike. Anayekata kona amekaa wima kama yuko kwenye kochi anaiomba imtupe. Huko Marekani kulikuwa na za magurudumu matatu, zilibinua watu wengi hata 1988 makampuni yakakubali kuacha kuziuza, yakabaki manne. Manne ni nafuu, hayajawa dawa. Na ikibinuka haikuachi ukajikung'uta vumbi kama baiskeli, kwadi ya mtu mzima inafika kilo 200 na zaidi, piga hesabu mifuko minne ya simiti imekulalia kifuani na uko shambani nyuma ya Diani, na wa kuiinua ni binamu wa miaka 17 peke yake.

Tena ulikuwa nyuma. Kile kiti kirefu kinadanganya watu wengi, wanadhani kimewekwa kwa abiria. Kwadi nyingi ni za mtu mmoja, kiti kimekuwa kirefu ili mwendeshaji apate nafasi ya kusogea mbele akipanda mlima na nyuma akishuka. Ukimweka mtu wa pili, mwendeshaji hana pa kusogea na mzigo wote umerudi nyuma. Kwa hivo ile kona ya mkorosho ilianza kuharibika mlipokuwa bado hamjatoka uani, wewe ulipokaa pale. Sisemi hivi kukulaumu. Nataka ujue kilichotokea, manake anayetaka kufundisha watu siku moja lazima ajue.

Na mtandio! Mwanangu, kuungua ekzosi ni jambo la kila mtu Mombasa, mimi ninayo yangu ya bodaboda tangu zamani, ukikaa stejini ukiangalia miguu ya wanawake utahesabu mpaka uchoke. Lakini ncha ya mtandio iliyochanika na grisi nyeusi, hapo niliweka simu chini. Unasema hujui ilishika wapi. Grisi nyeusi kwenye kwadi iko nyuma chini, kwenye cheni na ekseli inayozunguka, pale pale ulipokuwa umekaa wewe, na mtandio huo ulikuwa umeuzungusha shingoni. Ilichanika ncha, alhamdulillahi ilichanika. Kitambaa kingekuwa kizito kidogo kisichanike ungevutwa shingo. Kati ya yote uliyoniandikia hili ndo limenitisha zaidi, na wewe umelipitia mbio mbio ukarudi kwenye kidonda.

Sasa unganisha na wale wanawake wa ami, wanaokuja na buibui wanataka kujifunza. Kijana wa kiume atawaambia vaa helmeti, basi, ataona haya kumwambia mke wa mtu kitambaa chako kitoe, kiingize ndani. Anayejua kwamba mtandio unaingizwa ndani ya shati au unavaliwa ule wa michezo unaobana, kwamba buibui inabaki uani na chini ni suruali na viatu vinavyofunika vifundo, kwamba leso ya begani haipandi kwadi hata iwe ya harusi, ni mtu kama wewe.

La tatu ni umri, na hapa najua utaninunia. Ukienda tena kwa ami, bila kupanda, chuchumaa uangalie karibu na madigadi au kwenye tangi kama stika zake hazijabanduka. Zile za watu wazima makampuni yenyewe yanaandika mtu wa chini ya miaka 16 asiendeshe. Wa miaka 12 mpaka 15 kwa desturi waliwekewa injini ndogo za cc 70 mpaka 90 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), na za kukodisha wageni kwa kawaida ni kubwa kuliko hizo. Madaktari wa watoto wa Marekani wao wamekaza zaidi, wanasema chini ya 16 asipande kabisa, iwe kubwa iwe ndogo. Wewe una 15 na miezi. Kwa hivo kwenye hili mama, bila kusoma stika yoyote, yuko upande mmoja na waliozitengeneza. Miezi imebaki michache, kweli, na usiku wa kutimiza 16 mwili haugeuki ghafla ukawa mwingine, lakini ukienda kumshawishi Agosti unamwomba akubali kitu ambacho hata stika inakataa, na ukienda Disemba hoja hiyo angalau imetoka mezani. Kungoja nako kuna hatari yake, nakubali, hamu inachacha, na binamu yuko pale na ufunguo.

Eh, huo ufunguo. Ulikuwa wapi siku ya Idi? Mtoto wa 17 alichukuaje kwadi watu wakiwa ndani wanakula? Ami anajua? Hili ndo swali la kwanza atakalouliza mamako siku akijua, na uzuri wa helmeti hautalijibu.

Haya, njia. Ya binamu, ya Mtwapa. Naielewa kwa nini inavutia, hakuna wa kumbembeleza. Lakini fikiria upande ule mwingine. Mama anajua mwanawe yuko kaskazini kwa dadake, kumbe yuko kusini ya feri. Kitu kikitokea, nani atampigia simu na ataanza sentensi vipi? Mama huyu simu ya aina hiyo ashaipokea mara moja. Na hata kisipotokea kitu, ukirudi umekuwa fundi kama anavyosema binamu, ufundi huo utauonesha wapi bila kuonesha na uongo? Khalati naye utakuwa umemtia kwenye maneno na dadake bila kumuuliza.

Ami kuongea na baba inaonekana ya heshima zaidi, ndugu wawili wazima wanakaa wanaelewana, baba anatamka, imekwisha. Inaweza kufanya kazi. Ila jiweke kwa mama, aliyeuguza ni yeye, aliyekesha ni yeye, halafu familia ya mumewe inakaa kikao inakata shauri juu ya bintiye na yeye anapewa habari. Unaweza kupata ruhusa na ukampoteza mama kwa muda, na shemeji yake pia akawa adui. Labda ami akija, aje kwa wote wawili, akae mbele ya mama mwenyewe aulizwe maswali. Na ayajibu. Kwamba ataanza na wewe uwanjani pa tambarare, si njia ya wageni. Kwamba ni yeye ndo atakuwa pale, si binamu. Kwamba ile skrubu ya kupunguza mafuta ataikaza iende mwendo wa mtu anayekimbia kidogo tu, na ile kamba ya kufunga mkononi inayozima injini ukianguka, zinazo? Tairi anazipima na nini, manake za kwadi zinataka upepo mdogo sana, kwa kawaida chini ya 10 psi, na kijana wa pancha akizijaza kama za matatu zinadunda kama mpira. Na je kutoka kwake kufika mashambani mnavuka lami? Kwadi kwenye lami ni hatari nyingine kabisa, zile tairi pana zinang'ang'ania na inapinduka kirahisi, mbali na kwamba barabarani kuna leseni na wewe huna. Ami akiweza kuyajibu bila kukasirika, mama atakuwa amesikia kitu ambacho video haikumpa. Akishindwa, basi na wewe utakuwa umejua kitu.

Kuna mtu mmoja ndani ya nyumba hakuna aliyemuuliza. Mjomba. Mguu ni wake, lakini kwenye barua nzima hana neno hata moja, amelala chumba cha mbele na kila mtu anautumia mguu wake kwenye maneno yao, mama anautumia kukataa, wewe unautumia kulinganisha na kaka. Anasikia, kuta za nyumba zetu unazijua. Sisemi ukamfanye wakili wako, hiyo itakuwa vibaya, ataona amegeuzwa chombo. Nasema ungekaa naye tu, umpelekee kahawa, umuulize siku ile alikuwa na helmeti? Angetamani nini kingekuwa tofauti? Anaweza kukwambia achana na hayo mambo kabisa, na hilo utalibeba. Anaweza pia kukwambia kitu ambacho hajamwambia hata dadake.

Halafu kumwambia mama ukweli wa Idi. Sitakuficha, hii ina bei. Anaweza kufunga mlango mpaka umalize shule, anaweza kumpigia ami simu usiku huo huo na binamu akaiona dunia, kaka naye akaambiwa wikendi zimekwisha. Usipomwambia, kila utakalosema juu ya usalama limekaa juu ya zile soksi, na siku zikivuka kisha akajua kwa mwingine, ataona hata yale ya kweli yalikuwa uongo. Ukiamua kumwambia, naona kuna kosa moja rahisi kulifanya, nalo ni kumwambia na papo hapo kuomba. "Mama niliungua lakini nikiruhusiwa nitafundishwa vizuri." Hiyo ni biashara, ataisikia kama biashara. Mwambie la mguu peke yake siku yake, mwoneshe na mtandio, umwache aseme anachosema, alie akilia. Ombi la kwadi lingoje hata miezi. Na usimwambie mbele ya nyanya, wala akiwa jikoni na moto unawaka.

Na kama roho yako inakataa yote hayo kwa sasa, kuna kwenda Ukunda kwa ruhusa kabisa, bila kupanda. Kukaa na ami au fundi wake ufungue breki ya ile ya kijani ujue kwa nini lazima ubane sana, manake breki ya kubanwa sana ina sababu, na mgeni hatajua kuibana. Mama anaweza kulikubali hili, anaweza asilikubali, na wewe mwenyewe jiulize kama utaweza kuziosha sita usipande hata moja. Ukimwambia mama hutapanda kisha ukapanda, itakuwa mara ya pili. Mngeweza hata kumwomba aje naye siku moja akae kivulini aone zinavyokwenda. Ubaya wake ni kwamba akija, akaona yote kwa macho yake, na bado akasema hapana, hiyo hapana itakuwa nzito kuliko ya kwenye mbuzi ya nazi.

Unaniuliza maneno. Moja tu ninalo, na si la kushawishi, ni swali: "Mama, ukisikia kwadi unaona nini?" Uulize kisha unyamaze, usirukie kujibu kila anachosema na magurudumu manne. Pengine atakwambia anaona lori. Pengine anaona chumba cha mbele na kitanda cha pili. Hoja za usalama unazo nyingi sasa, nimekupa hata za psi, lakini hutajua ipi inamfaa mpaka ujue anachokiona.

Kidonda sasa. Dawa ya meno hapana, siku nyingine maji ya mfereji yanayotiririka, dakika 20 nzima, papo hapo, pete au kiatu kinachobana kivue kabla hapajavimba. Kwa hiki cha sasa, wiki tatu zishapita, kilitakiwa kiwe kimekauka kimebaki weusi. Kama bado kinatoa maji, kinanuka, au pembeni pamekuwa pamoto na pamevimba, basi hapo hakuna tena kuchagua siku nzuri ya kumwambia mama, ni kesho asubuhi zahanati na mtu mzima. Soksi zivue usiku angalau, ngozi ipumue.

Niandikie tena. Uniambie mguu uko vipi, na mjomba alisema nini.

Shangazi